Flashi Ilivyotia Mchanga Kitumbua cha Mama Mdogo

Mimi wa Kasulu niko poa, ila wiki hii nina aibu yangu. Nimeona bora niitoe mwenyewe hapa kabla majirani hawajanitangaza.

Mama mdogo wangu anauza vitumbua. Si vya kitoto, bwana! Unga wa mchele, iliki, hamira, na ukikimega ndani kina matundu kama sega la asali ya Kibondo. Sasa kamati moja ya harusi huko huko Kibondo ikataka kuagiza, wakasema, "Tutumieni picha kwanza." Mpiga picha wa ukoo nani? Mimi hapa.

Nikapiga saa mbili usiku, jikoni, flashi puu! Sahani nyeupe, kitambaa cheupe, vitumbua vyeupe. Jamani! Vilitoka kama mawe ya mtoni. Kamati ikajibu neno moja tu: "Tutawajulisha." Maana yake unaijua. Na mama mdogo alishachukua mchele kwa mkopo. Hakunisema. Alinyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikoniuma.

Nikaanza kusaka ujuzi, nikakutana na picha za tangyuan. Hivi ni vidonge vya Wachina vya unga wa mchele unaonata. Huliwa kwenye supu tamu ya moto wakati wa sikukuu yao ya taa, siku ya 15 ya mwezi wa kwanza wa kalenda yao. Ni vyeupe pee, tena vinateleza, lakini pichani vinakuita! Siri yake? Bakuli jeusi, na mwanga wa dirisha unaotokea nyuma kwa pembeni. Huo ndio unaoonyesha mvuke na uduara. Halafu kimoja kinakatwa, ufuta mweusi wa ndani uonekane.

Kumbe! Kesho yake saa mbili asubuhi, baridi ya Kasulu bado inauma na mvuke unaonekana wazi, nikaweka meza karibu na mlango. Taa ya ndani nikazima, maana rangi yake ikichanganyika na mwanga wa nje chakula kinaonekana kigonjwa. Vitumbua juu ya jani la mgomba. Upande wa kivuli nikasimamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga. Kimoja nikakimega, matundu yale yakajitangaza yenyewe.

Mshikaji wangu akashauri nivipake mafuta ving'ae. Nikakataa. Picha ni ahadi, ndugu yangu. Mteja akikuta kingine mezani, harudi tena.

Wale wa harusi hawakurudi, walishampata mpishi mwingine. Ila picha mpya ilizunguka kwenye simu za watu, na wiki iliyofuata ikaja oda ya ubatizo, vitumbua 200. Mteja alifunua ndoo, akachungulia, akacheka: "Ni vilevile vya kwenye picha!"

Jioni mama mdogo akaniambia taratibu, "Mwanangu, kumbe mkono wangu haukuwa na kosa."

Kumbe siku zote zile alidhani kosa ni lake! Nilikosa pa kuficha uso.

Basi wewe unayempigia picha dada yako muuza keki, kabla hujamvunja moyo mpishi, zima flashi, fungua mlango. Tukutane wiki ijayo, kama kawa!