Ngumi si mchezo? Haya, tubishane

Likiisha pambano ambalo bondia ametolewa kwa machela, kesho yake kinyozini maneno ni yale yale. Wa kwanza atasema ule si mchezo, ni ugomvi wenye tiketi. Wa pili ataitikia, wa tatu ataongeza chumvi, na kabla sijapanguswa nywele za shingoni nimeshahesabu hoja sita. Huwa nanyamaza, maana si busara kubishana na watu huku umewekewa wembe kisogoni. Hapa hakuna wembe.

Wanaanza na hii: mpira unachezwa, ngumi hazichezwi. Hoja ya kuazima. Waingereza ndio wenye shida hiyo, kwa kuwa lugha yao ina kitenzi cha kucheza mpira na kingine kabisa cha kupigana ngumi, basi wakajenga falsafa juu ya sarufi. Sisi tunasema fulani anacheza ngumi, Jumamosi anacheza na nani, walicheza raundi ngapi. Tena tunalo neno ambalo wao hawana. Ngumi zisizo za kulipwa tunaziita ngumi za ridhaa. Waliolichagua walitaka kumtenga anayecheza kwa mapenzi na anayecheza kwa fedha, lakini neno limebeba zaidi ya walichokusudia. Anayekuzaba kibao kituo cha daladala hakukuomba ridhaa. Anayekusubiri kona ya pili ya ulingo mmepimwa naye uzito, mkatazamana, na kila mmoja akatia saini kwa mkono wake. Na hebu niambie, ni ugomvi gani unaoanzia kwenye mizani? Ngumi za kulipwa zina madaraja ya uzito 17 au zaidi. Uwanja wa mpira haumuulizi mtu kilo zake. Beki la mtu linamvaa kijana mwembamba, na tunapiga makofi.

Ya pili ndiyo yenye uzito, nayo sitaipita haraka: lengo la mpira ni goli, lengo la ngumi ni kumuumiza mtu.

Nikiri kwanza. Konde la kidevuni hurushwa ili mtu aanguke, na mtu huanguka kwa sababu ubongo wake umetikisika. Mpenzi wa ngumi akikukatalia hilo, usimsikilize na mengine. Ila kumuumiza mtu kungekuwa ndilo lengo zima, alfajiri ile ya 30 Oktoba 1974 jijini Kinshasa ingekwisha vingine. George Foreman alikuwa na miaka 25, na mwaka uliotangulia alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili. Katika kuumiza hakuwa na mpinzani duniani. Muhammad Ali, miaka 32, akaegemea kamba, akafunika uso kwa mikono, akamwacha apige. Foreman akapiga mbavu, akapiga mikono, akapiga hewa, akaishiwa. Raundi ya nane Ali akatoka kwenye kamba na kumaliza kazi. Alfajiri ile aliyepiga sana ndiye aliyeshindwa.

Majaji nao hawahesabu maumivu. Katika ngumi za kulipwa mshindi wa raundi hupata 10, mwenzake kwa kawaida 9, na akiangushwa mara nyingi hushuka hadi 8. Kinachotazamwa ni konde safi, lililofika kwa upande wa mafundo ya vidole, mbele au pembeni ya kichwa, au kiwiliwili juu ya mkanda. Kisha anayejua kukwepa, na anayeuendesha ulingo. Kumpiga mtu kisogoni ni kosa, na kumpiga aliyekwisha anguka ni kosa. Ugomvini, aliyeanguka ndiye anayepigwa zaidi. Ulingoni, akianguka tu, anayepiga hufukuziwa kwenye kona na mwamuzi huanza kuhesabu hadi kumi. Sheria hizi zina historia. Kabla ya kanuni za Queensberry za 1867, zilizoandikwa na John Graham Chambers, watu walipigana mikono mitupu na raundi haikuwa na saa, iliisha mtu akidondoka. Chambers akaleta glavu, dakika tatu za kucheza na moja ya kupumzika. (Glavu, tuseme ukweli, zililinda mkono zaidi kuliko kichwa. Mfupa wa kidole huvunjika ukigonga fuvu, hivyo mpigaji wa zamani aliogopa kupiga kichwa. Aliyevaa glavu haogopi.)

Halafu jamani, kuna judo. Kwenye judo ya Olimpiki mtu mzima anaruhusiwa kumkaba mwenzake koo mpaka asalimu amri au azimie, na kumkunja kiwiko kwa nyuma. Sijamsikia mtu kinyozini akisema judo iondolewe kwenye orodha ya michezo. Labda ni kwa sababu wanavaa nguo nyeupe na buluu na kuinamiana.

Hoja ya tatu ni kwamba matokeo yanapikwa. Mara nyingine yanapikwa, ndiyo. Kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, Mmarekani Roy Jones Jr. alifikisha makonde 86 dhidi ya 32 ya Park Si-Hun wa Korea Kusini, kisha majaji watatu kati ya watano wakampa Park dhahabu. Aibu ilikuwa kubwa kiasi kwamba Barcelona 1992 pointi zilihesabiwa kwa kompyuta. Haikutosha. Waamuzi na majaji wote 36 waliofanya kazi Rio 2016 waliwekwa kando, na mwaka 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikifutia utambuzi chama cha dunia cha ngumi. Ila tazama kilichofuata. Ngumi zilichezwa Paris 2024 chini ya kamati yenyewe, na zimepangwa kuchezwa Los Angeles 2028. Chama kilifukuzwa, mchezo ukabaki. Juventus nao walishushwa daraja mwaka 2006 kwa kashfa ya waamuzi, na hakuna aliyedai kandanda si mchezo.

Wapo pia wanaosema siku hizi ni vichekesho, na hapo lazima litajwe jina la bondia Karim Mandonga, Mtu Kazi, na makonde anayoyapa majina kabla hayajarushwa. Hii haihitaji aya ndefu. Ali naye alikuwa mbwatukaji mwenye mashairi. Maneno ya kabla ya pambano ni ya tangazo. Kengele ikilia ulingo hauna habari na umaarufu wa mtu, na Mandonga ameshapigwa mbele ya umati uliokuja kumchekea.

Hoja ya dini naiheshimu. Wako Waislamu wengi wa pwani wasioiafiki ngumi kwa kuwa uso wa mwanadamu haupigwi. Lakini hapo swali ni kama jambo linafaa au halifai. Muulize sheikh. Mimi naulizwa kama ni mchezo.

Kuhusu kupiga marufuku, ambayo ndiyo dawa wanayoitaja wote, majaribio yameshafanyika. Stockholm 1912 Olimpiki haikuwa na ngumi kwa kuwa sheria ya Uswidi ilizikataza. Nchi hiyo hiyo ikapiga marufuku ngumi za kulipwa mwaka 1970, na mabondia wake wakawa wanakwenda kupigana nchi za nje, hadi ziliporuhusiwa tena, kwa masharti, mwaka 2007. Karibu nasi, Zanzibar ilizifungia ngumi enzi za Mzee Karume baada ya Mapinduzi, na zaidi ya nusu karne ikapita kabla ya serikali ya Rais Hussein Mwinyi kuzifungulia. Muda wote huo watu wa Makunduchi waliendelea kucharazana kwa migomba kila Mwaka Kogwa, mchana kweupe, wanawake wakiimba pembeni. Kupigana kwa utaratibu hakukuletwa na meli ya Mwingereza.

Imebaki ile ninayoiogopa mwenyewe: ngumi zinaua.

Zinaua. Na zisipoua huharibu polepole. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia wanaopepesuka na kuchanganya maneno kama walevi. Ali aligundulika na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984, na dunia nzima iliuona mkono wake ukitetemeka alipowasha mwenge wa Atlanta 1996. Ningeweza kujibu kwamba Ayrton Senna alikufa kwenye mbio za magari Imola, 1 Mei 1994, na mbio hizo zikabaki mchezo. Ni kweli, lakini ni jibu la mkato. Jibu langu liko kwenye yaliyofuata vifo. Baada ya Imola magari na njia zilibadilishwa. Mkorea Duk Koo Kim alipofariki kwa kipigo cha raundi 14 mjini Las Vegas, Novemba 1982, baraza la WBC lilipunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na mengine yakafuata. Hayo yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na kanuni ya kubadilisha na watu wa kuwajibika. Ugomvi haupunguzwi raundi. Ukishasema ngumi si mchezo, umemwondolea daktari kiti chake kando ya ulingo, umemsamehe promota asiyetaka kulipia kipimo cha kichwa, na kijana wa Manzese anayepiga gunia la mchanga chini ya mwembe atapigana hivyo hivyo, gizani.

Bondia Robert Wangila alikuwa kwenye Olimpiki ile ile ya Seoul iliyomdhulumu Roy Jones. Kwenye fainali alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, akawa Mkenya wa kwanza kuleta dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha, na mpaka leo hajapata mwenzake. Akageukia ngumi za kulipwa Marekani. Julai 1994, mjini Las Vegas, alikuwa anapigwa na David Gonzales, na raundi ya tisa mwamuzi akaingia kati na kulimaliza pambano. Wangila alilalamika kwamba amesimamishwa mapema. Baadaye usiku huo akapoteza fahamu, na hakuzinduka tena. Alikuwa na miaka 26.