Kiwanda cha Kalokol hakikuuawa na Waturkana

Magharibi inapokaribia na matatu kuanza kuteremsha abiria hapa Huruma, kina mama huwa wamekwisha kuinjika makarai yao kando ya barabara. Kinachokaangwa humo aghalabu ni mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyosalia baada ya minofu kuondolewa katika viwanda vya Ziwa Viktoria. Minofu hupakiwa ikapelekwa ng'ambo. Mifupa hupakiwa ikaletwa kwetu. Nimeila miaka mingi na sioni haya kusema kwamba ni tamu. Hata hivyo, juzi nikingoja mgongo wangu ugeuzwe katika mafuta, nilikumbuka deni nililo nalo kwa mwanafunzi mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha habari za miradi ya maendeleo. Niliuliza kwa nini kiwanda cha samaki cha Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, kilikwama. Msichana mmoja akajibu upesi: "Waturkana ni wafugaji, Mwalimu, hawali samaki." Darasa likaangua kicheko. Kijana aliyekuwa na wazazi wake kutoka Lodwar aliinamia dawati lake, wala hakuinua uso hadi kengele ilipolia. Nami, kwa kuwa jibu lilifanana na la kitabu, nikalitia tiki.

Tiki ile haikustahili. Kando ya ziwa hilo wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua vyusa vya mfupa na mabaki ya samaki ya maelfu ya miaka. Waelmolo, upande wa mashariki, ni wavuvi tangu jadi. Waturkana wasio na mifugo wamekuwa wakivua kwa vikapu katika maji ya kina kifupi tangu kabla ya mfadhili yeyote kuwasili. Katika miaka ya 1960 palikuwa na chama cha ushirika cha wavuvi, na samaki waliokaushwa walipakiwa kwenye malori kuelekea Kitale na kwingineko, hata Kongo. Je, hao walikuwa wakivuliwa na nani?

Tazama basi jinsi kiwanda kilivyopangwa. Norway ilianza kuufadhili mradi huo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na jengo likawa tayari mnamo 1981. Gharama inayotajwa mara kwa mara ni dola milioni 22. Kazi ya kiwanda ilikuwa kugandisha minofu kwa ajili ya soko la nje. Kugandisha, ndugu msomaji, mahali ambapo jua la mchana hupita nyuzi 35! Umeme wa taifa haukuwa umefika huko. Maji ya ziwa yana magadi, na kiwanda cha minofu hunywa maji safi kama ngamia aliyetoka safari. Majokofu yalifanya kazi siku chache tu, hesabu ikakataa, yakazimwa. Kisha mvua zikapungua Ethiopia, unakotoka Mto Omo uletao karibu maji yote ya ziwa, na katikati ya miaka ya 1980 Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa kitovu cha uvuvi wa ngege, ikakauka. Mwaka 1990 Kenya na Norway zikavunja uhusiano wa kibalozi, na wafadhili wakafunga virago.

Katika orodha hiyo yote, sioni mahali ambapo mlo wa Mturkana ulizima jokofu. Samaki wenyewe walikusudiwa kuliwa na watu wa mbali.

Yuko atakayedai kwamba kiwanda cha samaki hakiwezi kuendeshwa mahali pa upweke kama pale. Historia yamkanusha. Mwanzoni mwa karne ya ishirini pwani ya Alaska ilijaa viwanda vya kutia samaki wa salmoni makoponi, vingine vikiwa mbali na mji wowote. Kila masika merikebu ziling'oa nanga San Francisco zikiwa zimebeba mabati ya makopo, risasi ya kulehemu, makaa, vyakula na wafanyakazi. Wachina waliokodishwa kwa mkataba walifanya kazi za ndani. Wavuvi wengi walikuwa Waitaliano na watu wa Skandinavia, Wanorway wakiwemo. Salmoni hupanda mito kwa wiki chache tu za kiangazi. Aliyesahau kasha moja la risasi alikuwa amepoteza mwaka mzima, kwa hiyo kila kitu kilihesabiwa kabla ya tanga kutwekwa. Na muhimu zaidi, kopo likishapikwa na kufungwa halihitaji barafu. Laweza kungoja meli hadi vuli.

Sisemi kwamba Alaska ilikuwa pepo. Faida ilirudi San Francisco pamoja na makopo, na mitego mikubwa iliwanyang'anya wenyeji samaki wao, hata Alaska ilipofanywa jimbo mwaka 1959 mitego hiyo ikapigwa marufuku. (Habari ya mgongo wazi ni kongwe kuliko tunavyodhani.) Lakini kama mafunzo ya uendeshaji, wale matajiri walijua kuchagua njia ya kuhifadhi iliyolingana na mahali. Kalokol njia hiyo ilikuwepo tayari: chumvi, jua na upepo, navyo havidai bili.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: swali la Kalokol likitokea, mpeni mwanafunzi kalamu na karatasi apige hesabu ya nishati, maji na barabara kutoka Lodwar hadi Nairobi. Mwulizeni jokofu moja lingehitaji nini kwa siku. Mwulizeni pia kwa nini upepo wa upande wa pili wa ziwa leo wazalisha umeme wa megawati 310 unaosafirishwa hadi Suswa, ilhali majokofu ya Kalokol yalinyamaza kwa kukosa nguvu.

Kijana yule wa Lodwar sasa ni mtu mzima, na sijui aliko. Endapo gazeti hili litamfikia, ajue kwamba tiki ile nimeifuta.