Gharama ya sare isiachiwe mshahara

IPO hoja inayozungumzwa katika vyumba vya walimu na katika veranda za hospitali kila unapokaribia mwezi Juni, wakati Serikali inapowasilisha Bajeti yake Bungeni. Hoja hiyo ni kwamba mtumishi anayenunua sare ya kazi kwa fedha zake, akaifua kwa sabuni yake na kuipiga pasi kwa mkaa wake, apunguziwe kodi ya mapato kwa kiasi hicho alichotumia. Hoja hii ina haki ndani yake. Lakini tukiipima kwa sheria na kwa hesabu tutaona kwamba inadai kidogo kuliko inavyostahili, na inamdai mtu ambaye siye mdaiwa wa kwanza.

Natutazame Wilaya ya Mafia. Mtumishi aliyepangwa kazi huko hufika kwa kuvuka bahari kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, au kwa ndege ndogo. Kitambaa cha sare, viatu na sabuni ya dukani navyo huvuka bahari hiyo hiyo, na nauli yake imo ndani ya bei. (Kwamba kisiwa chenye minazi mingi kiasi kile kinangoja sabuni bandarini ni suala la siku nyingine.) Maji nayo yana habari yake. Katika kisiwa cha Jibondo, ambako ardhi ni mwamba wa matumbawe, wakazi kwa miaka mingi walilazimika kuvusha maji baridi kwa mashua kutoka kisiwa kikuu. Kila mwanapwani anajua kwamba maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu upesi. Yanataka sabuni zaidi, na nguo nyeupe inayofuliwa humo haikawii kupauka. Jua na upepo wa bahari humalizia kazi iliyobaki.

Sasa tuwafikirie wanaovaa sare mahali hapo: muuguzi na mkunga, askari wa Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, baharia wa kivuko, mhudumu wa hoteli za watalii huko Utende na Chole. Hakuna hata mmoja kati yao aliyechagua rangi ya nguo yake. Ameagizwa kuivaa, ameagizwa iwe safi, na akifika kazini ikiwa chafu ataulizwa. Ni haki kwake kuuliza ni nani anayelipa.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1973, inamtazama mfanyabiashara kwa jicho moja na mfanyakazi kwa jicho jingine. Mfanyabiashara hutozwa kodi katika faida, yaani baada ya kuondoa matumizi aliyoyafanya kwa ajili ya kuzalisha mapato yake na kwa ajili hiyo tu. Mfanyakazi hutozwa katika mshahara wenyewe. Zaidi ya michango yake katika mfuko wa pensheni, hana orodha ya matumizi anayoweza kuipeleka akasema: hiki nimekitumia ili niweze kufanya kazi, kiondoeni. Mwajiri hukata kodi kabla ya mshahara kufika mkononi, kwa utaratibu wa Lipa Kadiri Upatavyo, na mtumishi asiye na kipato kingine kwa kawaida hajazi hata ritani ya kodi.

Matokeo yake ni haya. Mwenye hoteli akinunua mashati kumi na kuyagawa kwa wahudumu wake, gharama hiyo ni ya biashara naye ataiondoa katika hesabu ya kodi. Akiwaagiza wahudumu hao hao wakanunue mashati yale yale kwa mishahara yao, hakuna anayeondolewa chochote. Shati ni lile lile, duka ni lile lile na kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni mfuko uliotoa fedha, na mfuko mdogo ndio usiopata nafuu.

Hapo ndipo wengi wanapohitimisha kwamba dawa ni kumpa mfanyakazi haki ile ile ya kuondoa gharama. Tufanye hesabu kabla hatujafika huko. Tuchukue kwa mfano mtumishi anayetumia shilingi 120,000 kwa mwaka katika kushona na kufua sare. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, mshahara hautozwi kodi hadi shilingi 270,000 kwa mwezi. Kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kisha 20, kisha 25, na sehemu inayozidi 1,000,000 hutozwa asilimia 30. Mtumishi ambaye mshahara wake unaishia katika ngazi ya asilimia 8 angepata nafuu ya shilingi 9,600 kwa mwaka, sawa na shilingi 800 kwa mwezi. Mkubwa wake aliye katika asilimia 30, kwa sare ya bei ile ile, angepata 36,000. Na yule ambaye mshahara wake haufiki 270,000 asingepata kitu, kwa kuwa hakuna kodi ya kupunguza. Nafuu ya namna hii humpa zaidi aliye nacho.

Isitoshe, ili kuipata hiyo 9,600 ingelazimu kila mtumishi atunze stakabadhi za mwaka mzima, zikiwemo za sabuni iliyonunuliwa katika kibanda kisichotoa stakabadhi, ajaze fomu na kuifikisha panapohusika. Kwa aliyeko Bweni, ncha ya kaskazini ya Mafia, au kwa aliyeko ng'ambo ya maji huko Jibondo, safari mbili tatu za kufuatilia zinaweza kuimeza nafuu yote. Linganisha na kilichofanyika mwaka 2021, kiwango cha ngazi ya kwanza kiliposhushwa kutoka asilimia 9 hadi 8. Mwenye mshahara wa shilingi 520,000 alibakiwa na shilingi 2,500 zaidi kila mwezi, yaani 30,000 kwa mwaka, bila kuonyesha stakabadhi hata moja.

Wapo watakaotaja Uingereza, na mfano huo unafaa kutazamwa. Huko mfanyakazi anayefua mwenyewe sare inayotambulika kuwa ya kazi yake anaruhusiwa kuondoa kiasi maalumu kwa mwaka. Kwa kazi zisizo na kiwango chake ni pauni 60, na kwa wauguzi ni pauni 125. Watu husikia 125 wakadhani ndizo zinazorudi mkononi. La, kinachorudi ni kodi ya kiasi hicho. Kwa anayelipa asilimia 20, zile 60 humrudishia pauni 12 na zile 125 humrudishia 25. Tena nafuu hiyo ni ya kufua, kurekebisha na kununua mbadala, siyo ya ununuzi wa kwanza, nayo hukoma pale mwajiri anapolipa gharama au anapoweka utaratibu wa kufua. Huko Australia hukubaliwa dola moja kwa kila mkupuo wa nguo za kazi, na senti 50 zikiwa zimechanganywa na nguo nyingine. Nchi hizo zina mazoea ya mamilioni ya wafanyakazi kujieleza wenyewe kwa mtoza kodi. Sisi tumejenga utaratibu wa mwajiri kukata na kuwasilisha, na hatuoni sababu ya kuubomoa kwa ajili ya shilingi 800 kwa mwezi.

Walimu watauliza: na sisi je? Waraka wa Utumishi wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma umetueleza tuvae nini kazini na tusivae nini, na nguo hizo tunazinunua. Swali hili lilipata jibu gumu katika mahakama ya juu ya Uingereza, Baraza la Malodi, mwaka 1983. Wakili Ann Mallalieu aliomba aondolewe katika kodi gharama za nguo nyeusi ambazo taratibu za mahakama zilimtaka azivae, na ambazo nje ya kazi asingezivaa. Alishindwa. Majaji walisema kwamba mtu akivaa nguo anajisitiri na kujikinga na baridi pia, kwa hiyo gharama haikuwa ya kazi peke yake. Maneno ya sheria yetu kuhusu matumizi ya kazi tu yanafanana na yale, na hatutazamii kwamba suruali ya kitambaa na shati la mikono mirefu vitapata hukumu nyingine hapa. Waliokuwa kazini miaka ya 1970 wanaozikumbuka suti za Kaunda watakubali kwamba zilivaliwa harusini pia.

Lakini mwalimu wa kemia aliye katika maabara na mwalimu wa ufundi aliye katika karakana wanahitaji makoti ambayo hakuna anayekwenda nayo harusini. Hilo ni vazi la kazi, na shule ndiyo inayopaswa kulinunua.

Turudi basi kwa mdaiwa halisi, ambaye ni mwajiri. Sheria ya kodi ya mwaka 2004 tayari imeacha nafasi. Posho ambayo ni marejesho tu ya fedha alizotumia mfanyakazi kwa ajili ya kazi yake peke yake haihesabiwi kuwa mapato. Aidha, kwa watumishi wa Serikali na wa taasisi zinazoendeshwa kwa ruzuku yake, kifungu cha 7 kimetaja kwa majina posho zisizotozwa kodi: nyumba, usafiri, madaraka, kazi za ziada, saa za ziada, mazingira magumu na honoraria. Posho ya sare haimo katika orodha hiyo. Inabaki kutegemea kifungu cha marejesho, ambacho kinataka uthibitisho, na mhasibu mwoga ataikata kodi ili ajilinde. Tunashauri kwamba Muswada wa Sheria ya Fedha ujao uongeze maneno matatu, "posho ya sare", na kwamba maneno hayo yasiishie kwa watumishi wa Serikali. Mhudumu wa hoteli huko Utende hanufaiki na orodha ile hata kidogo, ingawa anafua nguo yake kwa maji yale yale.

Kuhusu kufua, hospitali yenye wodi haina budi kufua mashuka ya wagonjwa. Haieleweki kwa nini gauni la muuguzi lililokaa wodini usiku kucha libebwe nyumbani likaloweshwe katika beseni moja na nguo za watoto. Huu si uchumi. Ni hatari ya maradhi, na mganga mfawidhi yeyote analijua hilo. Halmashauri zinapopanga makisio ziweke fungu la sabuni na la dobi kwa ajili ya sare, kama zinavyoweka la mafuta ya magari. Katika wilaya za visiwa, Mafia ikiwemo, fungu hilo likadiriwe kwa bei za huko na siyo kwa bei za Dar es Salaam.

Upande wa wafanyakazi nao una kazi ya kufanya. TUGHE na TALGWU wana nafasi katika mabaraza ya wafanyakazi, na CHODAWU wanaweza kuliweka suala la sare katika mikataba ya hali bora na wenye hoteli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kiholela. Anahitaji idhini ya sheria, ya mahakama, ya mkataba wa pamoja au ya mfanyakazi mwenyewe kwa maandishi. Kwa hiyo mtumishi anayeletewa karatasi ya kukubali kukatwa bei ya sare aisome kabla ya kutia sahihi, na tawi lake liisome pamoja naye. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Fungu ambalo halikutajwa katika vikao vya makisio kabla ya tarehe hiyo halitapatikana hadi mwaka mwingine, na katika muda huo muuguzi wa Kilindoni atakuwa ameshona gauni jingine kwa mshahara wake.