Shamba Gani Hilo Lisilo na Jembe?

Leo nawachokoza wenzangu wa Nairobi. Siku hizi vijana wa ofisini tukikaa pamoja, hadithi ni ile ile: "nimepata shamba Kajiado", "nimepata shamba Machakos". Shamba! Ukiuliza limepandwa nini, unaonyeshwa picha ya geti.

Sisemi watu wasijenge. Kodi ya nyumba hapa mjini tunaijua sote. Kinachonichoma ni hilo neno shamba, kwa sababu lina pesa ndani yake.

Tuanze na ushuru wa stempu. Ukinunua ardhi ya mjini unalipa asilimia 4 ya thamani yake. Ya mashambani, asilimia 2. Kwa ardhi ya shilingi milioni 6 hiyo ni 240,000 dhidi ya 120,000. Si haba, lakini uhondo wenyewe uko siku ya kuuza.

Ushuru wa faida ya kuuza mali ulirudishwa Kenya Januari 2015 kwa asilimia 5. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Ila mtu binafsi akiuza mali ya kilimo isiyofika ekari 50, iliyo nje ya manispaa na miji, hatozwi kitu. Nunua kwa milioni 4, uza kwa milioni 10. Mwenye ploti ya mjini atatoa 900,000. Wewe wa "shamba" unakwenda zako benki. Nyumba ya kuishi nayo ina msamaha wake, lakini lazima uwe umekaa humo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza. Shamba halikungojeshi!

Najua nitajibiwa kwamba huo msamaha ni wa mkulima mdogo anayeuza nusu ekari ili mtoto aende chuo. Jamani, huyo ana kinga nyingine tayari: ardhi inayouzwa kwa bei isiyozidi milioni 3 haitozwi. Halafu ekari 50? Nionyesheni mkulima mdogo wa Kiambu mwenye ekari 49.

Wenzetu Tanzania, katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, wanasamehe ardhi ya kilimo yenye thamani isiyofika shilingi milioni 10 za kwao, iliyolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa. Hicho kiwango ni kidogo mno, nakubali. Lakini swali lenyewe wameliuliza: ulilima? Sheria yetu inapima ukubwa na mahali, haidai hata msimu mmoja wa jembe. Hati ikisema kilimo, nani atakuja kuhesabu mahindi?

Na anayeumia ni mkulima wa kweli. Akitaka kuongeza robo ekari anashindana na mshahara wa Nairobi ambao serikali imeupunguzia ushuru. Kahawa ya Kiambu inang'olewa, nyumba zinapanda, kisha sisi hao hao tunalia kwamba sukuma wiki imepanda bei. Mwalimu naye anakatwa ushuru kila mwisho wa mwezi kabla hajauona mshahara.

Bunge hupitisha Sheria ya Fedha karibu kila Juni. Waongeze sentensi moja tu: anayetaka msamaha wa shamba alete risiti za mazao aliyouza, miaka miwili. Mwenye nyasi za kukatwa kwa mashine alipe asilimia 15 kama wengine, na yale mashina manne ya mahindi kando ya ukuta yasihesabiwe.