Ngozi Haina Dawa Moja kwa Kila Umri

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu wa wazee wetu wafaa kubandikwa juu ya kila meza ya muuza vipodozi, kuanzia Mombasa hadi Kisii na Nyamira. Mafuta ya kujichubua hayakai dukani yakangoja mnunuzi. Hutembezwa, husifiwa, hutiwa chumvi. Na ajabu ni kwamba muuzaji hamwulizi mnunuzi umri wake. Kwa msichana wa miaka 19 jawabu ni kujichubua. Kwa mama mja mzito jawabu ni lilo hilo. Na kwa bibi kizee vivyo hivyo. Maoni yangu ni kwamba ngozi ya kila umri ina haja yake, na amwuziaye kila mtu kopo moja hauzi uzuri, auza maradhi.

Huenda msomaji wa Mji wa Kale au wa Lamu akauliza: ya Kisii yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Sisi wa pwani tumezoea kudhani kwamba jua ni letu peke yetu, na kwamba watu wa vilima vya mvua na baridi hawana haja ya kuchunga ngozi zao. Sivyo. Mji wa Kisii uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, tena karibu kabisa na ikweta. Kila upandapo mita 1,000, miale ya jua isiyoonekana, ile iunguzayo ngozi, huzidi kwa kadiri ya asilimia 10. Mchuma chai wa Nyamira hasikii joto, lakini jua lamla. Mwavuli aliopewa na Mola wake ni weusi wa ngozi yake. Kujichubua ni kuutupa mwavuli huo shimoni.

Hebu basi tuwafikirie wanawake watatu wa nyumba moja huko Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira: binti, mama na nyanya. Mswahili akimsikia binti akimwita mama yake "baba" asishangae, kwani katika Kikisii "baba" ndiye mama, na "tata" ndiye baba. Tofauti ni ya lugha tu. Matatizo yao ni yale yale ya Kisauni na Majengo.

Binti ana miaka 19. Kinachomsumbua ni chunusi, na alama nyeusi zinazobaki chunusi zikiisha. Umri huu hautaki makuu: kuosha uso asubuhi na jioni kwa sabuni laini, kupaka mafuta mepesi, kuacha kuzibinya chunusi, na kujikinga na jua. Zikizidi, aende hospitali. Dawa zake zipo. Alama nyingi hufifia zenyewe baada ya miezi. Lakini shoga yake humletea mafuta yenye steroidi, dawa ambayo daktari humwandikia mgonjwa wa ukurutu kwa siku chache. Wiki za kwanza uso hung'aa, naye husifiwa. Akiacha, chunusi hurudi maradufu na uso huwaka moto. Basi hupaka tena apate nafuu. Ndivyo mtu anavyofungwa na kopo angali mwari.

Mama ana miaka 34 na mimba ya nne. Mashavu yametokwa na mabaka ya kahawia, yale yanayowapata wanawake wengi wakiwa waja wazito. Asili yake ni homoni za mwilini, na jua huyazidisha. Mara nyingi hupungua baada ya kujifungua. Haja ya umri huu ni subira, mtandio wenye kutia uso kivuli, na mafuta ya kukinga jua. Akitaka dawa, angoje ajifungue, kisha amwone daktari wa ngozi. Haidrokwinoni ikipakwa miaka na miaka bila mwangalizi hugeuka: badala ya weupe, huacha madoa meusi yenye rangi ya samawati ambayo ni taabu kuyaondoa. Na zebaki ni mbaya zaidi, maana haikomei kwa mama. Humfikia mtoto tumboni.

Nyanya ana miaka 68. Ngozi imekuwa nyembamba, kavu na yenye kuwasha. Yeye ahitaji sabuni kidogo, maji ya uvuguvugu, na mafuta mazito mara atokapo kuoga. Vaselini ya bei rahisi yamtosha, au mafuta ya parachichi, tunda ambalo mashamba ya Kisii na Nyamira yamelijaa. Steroidi kwake ni kuichana nguo iliyokwisha chakaa: ngozi huzidi kuwa nyembamba, na jeraha dogo huchelewa kupona. Tena alama nyeusi inayokua wayoni si ya kufichwa kwa mafuta. Ni ya kupelekwa hospitali upesi, kwani huenda ikawa saratani.

Haya si vitisho vya kutungwa. Mwaka wa 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la British Medical Journal habari za wagonjwa wazima wa figo, waliovimba miili kwa sababu figo zilivujisha protini. Asilimia 53 yao walikuwa wakitumia mafuta ya kujichubua yenye zebaki; kati ya wagonjwa wengine wa wodi waliotumia ni asilimia 11 tu. Zaidi ya miaka 50 imepita. Shirika la Viwango la Kenya limekwisha kuvipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Mataifa nayo yalikubaliana Geneva mwaka wa 2023, chini ya Mkataba wa Minamata, kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikome ifikapo 2025. Lakini sheria haina mkono wa kumshika kila mchuuzi. Kwa hiyo soma kopo mwenyewe. Lisilo na orodha ya vitu vilivyomo, liache. Likikuonya uvue pete na bangili za dhahabu au fedha kabla ya kupaka, likimbie. Hiyo ni dalili ya zebaki.

Na sisi wa pwani tusijione kwamba tumepona. Zamani mila zetu zilijua kwamba pambo lina umri na wakati wake. Mwari alikatazwa mambo ambayo bi harusi aliruhusiwa. Singo, liwa na hina vilikuwa na siku yake na somo wa kuvisimamia. Na mjane aliye edani huacha mapambo hadi eda yake iishe. Dini haikumkataza mwanamke kujipamba kwa njia ya halali. Iliyokataza ni kujidhuru. Liwa na singo vilikusudiwa kuilainisha ngozi na kuipa harufu nzuri, si kuivua rangi.

Lakini lawama zote tusiwatupie wanawake. Nani amwambiaye kijana atafute mke mweupe? Ni baba zake, mama zake na mashangazi zake. Nani amsifuye aliyejichubua na kumpita kimya aliyetulia na rangi yake? Ni sisi wanaume barazani. Binti husikia maneno hayo kabla hajasikia ya mchuuzi. Tukitaka kulifunga soko la sumu, Keroka na Mombasa sawia, tuanze kwa kuzichunga ndimi zetu wakati wa kuchagua wachumba. Kisha kila mama amkalishe binti yake, amweleze ngozi ya umri wake yataka nini na haitaki nini.