Baya na Miaka Kumi Bila Brashi



Wapo akina mama wengi miongoni mwetu ambao usichanani walikuwa mafundi wa kusuka ukili au kushona kofia za viua. Ukiwauliza leo, hucheka na kusema, "Hayo yalikwisha nilipoolewa." Neno hilo "yalikwisha" ndilo lililonikumbusha habari za Baya Mahieddine, mchoraji wa Algeria.

Jina alilozaliwa nalo ni Fatma Haddad. Alizaliwa Desemba 1931 karibu na jiji la Algiers, akafiwa na baba na mama angali mdogo, akalelewa na bibi yake, kibarua katika shamba la walowezi wa Kifaransa. Darasa la uchoraji hakuliona kamwe. Alianza kwa udongo, akifinyanga wanyama na sanamu ndogo za wanawake kwa vidole vyake. Mwanamke wa Kifaransa, Marguerite Caminat, alipomchukua nyumbani kwake Algiers, binti huyo akawa anasaidia kazi za nyumba na, kwa karatasi na rangi alizopewa, anachora.

Mwaka 1947, kabla hajatimiza miaka 16, kazi zake zilionyeshwa Paris katika jumba la Maeght, na mshairi mashuhuri André Breton akaandika kumsifu. Mwaka uliofuata alifinyanga vyungu na sanamu huko Vallauris, kusini mwa Ufaransa, mahali alipokuwa akifanya kazi Picasso. Mabwana hao walimstaajabia kana kwamba sanaa ilimshukia kama ndoto. Mimi naona walimpunja. Zile nguo zenye mapambo tele walizovaa wanawake wake michoroni zilitoka katika yale ambayo msichana wa Algeria huyaona nyumbani kila siku, na aliyaona kwa makini.

Mwaka 1953 aliolewa Blida na El Hadj Mahfoud Mahieddine, mwanamuziki wa nyimbo za Kiandalusi, aliyemzidi umri kwa takriban miaka 30 na aliyekuwa na mke mwingine. Wakajaaliwa watoto sita. Mwaka 1954 vita vya ukombozi vikaanza. Kwa muda wa miaka kumi hivi Baya hakushika brashi.

Wapo wanaoiita miaka hiyo kifungo. Kwetu wapo watakaoisifu kuwa ni utiifu. Naona hukumu zote mbili ni za haraka: mwanamke mwenye watoto wadogo, katika nchi iliyo vitani, ana mikono miwili tu.

Mwaka 1963, baada ya uhuru, Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Algiers lilionyesha kazi zake za zamani, naye akarudi kwenye rangi. Na hapa ndipo napenda msomaji atue kidogo. Michoro iliyofuata ilikuwa na kitu ambacho utotoni hakikuwa na nafasi kubwa: udi, fidla na ala nyingine, zimewekwa kati ya ndege, samaki na matunda. Ni ala za nyumba ya mumewe. Miaka ile kumi macho yake hayakuwa yamelala. Alikuwa akitazama na kusikiliza, huku akipika na kunyonyesha.

(Kuhusu picha za viumbe wenye roho, wanazuoni wana kauli zao, na anayetaka hukumu aende kwao. Safu hii haina elimu hiyo.)

Wanaume hakuwachora. Ni wanawake tu, wenye macho makubwa, wamekaa katika bustani zao bila kumjali anayewatazama. Mumewe alifariki mwaka 1979. Katika miaka ya 1990, damu ilipomwagika Algeria na wasanii wengi wakakimbilia ng'ambo, Baya alibaki Blida na wanawe, akaendelea kuchora. Alifia huko huko, Novemba 1998.