Mazoezi Ndani ya Saa za Kazi: Hoja kwa Miji ya Mlima Kenya

Nyeri ilipoteuliwa mwaka 2018 kuwa miongoni mwa kaunti nne za majaribio ya mpango wa afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo, sababu mojawapo ilikuwa mzigo wa magonjwa yasiyoambukiza, yaani maradhi kama kisukari na shinikizo la damu, ambayo hujengeka polepole kutokana na ulaji, umri, urithi na namna mwili unavyotumika. Majaribio hayo yalielekezwa zaidi kwenye vituo vya afya, ilhali mkazi wa mjini hupitisha sehemu kubwa ya mchana wake kazini.

Wastani wa taifa haumsaidii anayetaka kuelewa jinsi mkazi huyo anavyoutumia mwili wake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba ni asilimia 6.5 tu ya watu wazima ambao hawakufikia kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani kama kutembea kwa haraka, lakini utafiti uo huo ulionyesha kuwa asilimia 38.5 ya wanawake na 17.5 ya wanaume walikuwa na uzito uliopita kiasi. Wastani huo umebebwa na mchuma chai wa Othaya na mbeba mizigo wa soko la Karatina. Haumhusu karani anayepanda bodaboda hadi mlangoni mwa ofisi, akaketi mpaka jioni, katika jamii ambamo kitambi bado huhesabiwa na wengi kuwa dalili ya mafanikio na kutembea kwa miguu kuwa dalili ya ukosefu. Kwa hiyo sera moja haiwafai wote wawili, kwani mchuma chai anahitaji mapumziko, si mazoezi zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke viti kwa wafanyakazi wanaoweza kupata nafasi ya kuketi. Ni sheria iliyomfikiria mfanyakazi anayechoshwa na kusimama, na haikumwona yule anayedhuriwa na kiti chenyewe.

Waajiri wa umma hujivunia michezo ya kila mwaka ya wafanyakazi wa kaunti, maarufu kama KICOSCA, ambayo ni burudani nzuri, ingawa wachezaji ni wachache na waliobaki ni mashabiki. Kulipiwa ada ya jimu nako huwafaa zaidi wasio na majukumu ya jioni: ofisi hufungwa saa kumi na moja, jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu, na mwanamke, ambaye takwimu zinamtaja kwanza, ana jiko na watoto wanaomsubiri. Ndiyo maana muda wenyewe hauna budi kutoka ndani ya saa za kazi, kama Rwanda ilivyowatengea watumishi wake wa umma alasiri ya Ijumaa kwa ajili ya michezo.

Watapinga wengine kwamba foleni kwenye madirisha ya huduma zitarefuka, hoja yenye uzito ambayo hata hivyo hujibiwa kwa zamu. Wala si jambo geni kwa sheria kuingilia ratiba ya mwajiri, kwa kuwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017 tayari inamtaka atenge mahali na muda wa mama kunyonyesha. Lisilopaswa kuruhusiwa ni mwajiri kuwapima watu uzito na kuutumia katika kuwapandisha vyeo, maana Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Sera kama hii haitamfikia muuza duka wala fundi wa jua kali, ambao hawana mwajiri wa kuwapa ruhusa. Serikali za kaunti za Nyeri, Kirinyaga na Murang'a, kwa kuwa ni waajiri wakubwa, zianze na watumishi wao wenyewe: nusu saa mara mbili kwa wiki, kwa zamu, kwa hiari, bila kukatwa mshahara.